Dira, redio na kioo cha GPS: kila kimoja kikae wapi jahazini?

Yafuatayo ni maandishi kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa na kusomwa hewani na mtayarishaji wetu anayeishi Southall, magharibi mwa London.



Southall si mahali ambapo mtu angetazamia kusikia habari za matanga na mikondo ya bahari. Maji tuliyo nayo hapa ni ya mfereji, ule uitwao Grand Union Canal, uliochimbwa zaidi ya miaka 200 iliyopita kwa ajili ya kusafirishia makaa, matofali na bidhaa nyinginezo. Boti zake ni nyembamba na hazina milingoti, kwani madaraja ni ya chini. Mwenye boti akifika Bull's Bridge, panapoanzia tawi la kwenda Paddington, ana uamuzi mmoja tu wa kufanya: akate kona, au aendelee mbele. Hana haja ya dira.

Lakini Southall ni mji wa watu waliotoka mbali. Jina la kituo chake cha reli limeandikwa kwa Kiingereza na kwa Kipunjabi, na miongoni mwa wazee wanaopita chini ya kibao hicho wamo waliozaliwa Kisumu, Nairobi, Mombasa na Kampala. Kuna walioondoka Kenya mwaka 1968, wakikimbilia kuingia Uingereza kabla sheria haijawafungia mlango, na kuna waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Ukisimama katika duka la viungo pale Broadway ukalalamika kwa Kiswahili juu ya bei ya mbaazi, usishangae ukijibiwa. Ndivyo ilivyotokea kwamba swali la jahazi la Tanga likaja kutafutiwa jibu Southall.

Jahazi hilo ni la ukoo wetu, upande wa mama. Kwa miaka mingi limekuwa likivuka kutoka Tanga hadi Wete, Pemba, likibeba saruji, mabati, unga na mahitaji ya madukani. Nahodha wake ni mjomba wangu, mtu wa miaka sitini na kitu, na msaidizi wake ni mwanawe wa tatu, ambaye ni binamu yangu. Mwaka juzi, katika mvua za masika, walivuka usiku wakitarajia kukiona alfajiri kisiwa cha Fundo, kilichokaa kama komeo mbele ya bandari ya Wete. Hawakukiona. Badala yake walisikia mawimbi yakivunjika juu ya mwamba mbele ya omo, mahali ambapo kwa hesabu yao palipaswa kuwa maji makuu. Walikigeuza chombo kwa shida, na nusu ya saruji ikatoswa baharini. Kulipopambazuka waligundua kwamba walikuwa wamechukuliwa kaskazini kwa kilomita nyingi.

Hakuna aliyepoteza maisha. Hata hivyo, katika ukoo yalianza maneno ya chinichini: macho ya mzee yamechoka, sasa amwachie kijana chombo. Maneno hayo ndiyo yaliyozaa mchango. Ndugu wa Southall, wa Leicester na wa Maskati walichanga fedha, na siku moja boksi likafika sebuleni kwangu likisubiri mtu wa kulipeleka nyumbani. Ndani yake mlikuwa na kifaa cha GPS chenye kioo cha ukubwa wa kitabu cha shule na ramani za bahari ndani yake, redio ya mawasiliano ya masafa ya VHF, na kipima kina kinachotumia mwangwi wa sauti. Betri na paneli ya sola vingenunuliwa Tanga.

Kijitabu cha maelezo kilikuwa na lugha zaidi ya kumi. Kiswahili hakikuwamo, lakini hilo tumezoea. Kilichonishughulisha zaidi ni picha. Ilionyesha boti nyeupe ya plastiki, yenye kishimo cha kukalia nyuma, mlingoti wa alumini uliosimamishwa kwa kamba za chuma pande zote, na meza ndogo ya ramani chini ya sitaha. Kila kifaa kilikuwa na mshale unaoonyesha mahali pake. Jahazi halina hata kimoja cha vitu hivyo.

Binamu yangu aliuliza kwa simu: tuvifunge wapi? Yeye alikuwa na jibu lake tayari. Kioo cha GPS kifungwe kando ya dira, mbele ya mshika usukani, ili atakayekuwa ameshika kana akione kila dakika. Mjomba naye alikuwa na jibu lake: kioo kikae sandukuni, kitolewe kikihitajika. Nilipompigia, akaitikia shikamoo yangu, kisha akasema, "Mwanangu, kitu kikiwekwa mbele ya macho ya mtu ndicho kinachomwamuru." Nikaelewa kwamba hatuzungumzii skrubu nne na kipande cha ubao.

Swali lenyewe ni la kale kuliko umeme. Ahmad ibn Majid, yule rubani mkuu wa bahari yetu katika karne ya 15, mzaliwa wa Julfar, aliandika mnamo mwaka 1490 kitabu kikubwa juu ya kanuni za ubaharia, na ndani yake anajivunia kwamba ni yeye aliyebuni namna ya kuifunga sumaku juu ya kisanduku cha dira. Wataalamu wanabishana hadi leo alikusudia nini hasa. Mimi linanitosha hili, kwamba mtu aliyejua nyota, pepo na bandari za bahari nzima aliona fahari kubwa katika jambo la kufunga kitu mahali pake.

Tena si kila nahodha mkubwa aliyetegemea vifaa. Alan Villiers, mwandishi na baharia kutoka Australia, alisafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi kubwa la Kuwait, kutoka Aden hadi Unguja na Rufiji na kurudi hadi Kuwait. Nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi alifuata pwani kwa macho na kumbukumbu, akizijua rasi zake kama mtu ajuavyo nyumba za mtaa wake. Mjomba wangu ni wa shule hiyo. Tofauti ni kwamba anayevuka kutoka Tanga kwenda Wete hafuati pwani, bali huiacha. Baina ya bara na Pemba kuna mlango wa bahari ambao kina chake hupindukia mita 700, na kwa masafa ya kilomita 70 hivi, ambayo ni safari ya saa saba au nane kwa upepo wa wastani, kuna saa kadhaa za usiku ambapo nahodha hana jingine la kushika ila dira na nyota, na wakati wa masika nyota hazionekani.

Kwa hiyo tulianza na dira, na hapa ndipo alipoingia jirani yangu. Ni fundi umeme mstaafu, mwenyewe hujiita Kalasinga wa Kisumu, ambaye katika ujana wake alitengeneza umeme wa meli na tishari pale Kilindini. Alilitazama boksi, akasukuma kijitabu pembeni, akauliza kwa Kiswahili chake cha Kisumu: "Dira iko wapi? Hizi zingine zote ni wageni. Mgeni hakai kabla ya mwenye nyumba."

Maana yake ni hii, msikilizaji. Sindano ya dira hufuata nguvu ya sumaku ya dunia, na nguvu hiyo ni dhaifu mno. Kipande cha chuma kilicho karibu huishinda. Waya wenye umeme nao huweza kuivuta, na ndiyo maana mafundi hupiga msokoto waya mbili za taa ya dira, unaokwenda na unaorudi, ili nguvu zake zifutane. Ila adui mkubwa ni spika. Kila spika ina sumaku ya kudumu mgongoni mwake, na sumaku hiyo haizimiki kwa kuzima swichi. Vifaa vingi huandikwa umbali vinaopaswa kukaa kutoka kwenye dira, lakini fundi wangu haamini maandishi. Yeye anataka kipimo.

Jahazi lina bahati moja ambayo boti ya pichani haina, nayo ni kwamba maji yakipwa hukaa mchangani. Chombo kilichokaa mchangani hakizunguki, kwa hiyo dira yake haina sababu ya kutikisika ila umeipa sababu. Binamu yangu alingoja maji ya bamvua, jahazi likakaa vizuri ufukweni Sahare, omo limeelekea magharibi. Kisha akaanza kusogeza kifaa kimoja baada ya kingine kuelekea kwenye dira, akiandika kila sindano ilipoanza kuhama. Kioo cha GPS hakikufanya lolote mpaka kilipofika umbali wa mkono mmoja. Redio ya VHF ilianza kuisumbua dira ikiwa mbali zaidi, kwa sababu ya spika yake. Hayo tuliyatarajia.

Usiku wake alinipigia tena. Alikuwa amemaliza kazi, akataka kurudisha vitu mahali pake, na mkono wake ukashika redio ya mzee. Sizungumzii ile ya VHF. Nazungumzia redio ya kawaida, ya mbao, yenye spika pana kama sahani, ambayo kwa miaka mingi imefungwa kwa kamba juu ya sanduku mbele ya dira, uso wake ukimwelekea mshika usukani. Ndiyo redio ambayo mjomba hutusikilizia sisi. Binamu aliifungua kamba na kuiondoa, na dira ikahama nyuzi 12.

Nilimwomba arudie siku nyingine, chombo kikiwa kimekaa kwa kuelekea mashariki. Akarudia. Nyuzi 12 tena, lakini kwa upande wa pili.

Msikilizaji, hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa maana bila kuelewa hesabu hii hutaelewa kilichofuata. Redio ilikuwa ikiivuta sindano kuelekea omo. Jahazi likielekea mashariki, sindano ilivutwa mashariki. Likielekea magharibi, ilivutwa magharibi. Katika safari zote mbili, ya kwenda na ya kurudi, dira ilidai kwamba omo limeelekea kaskazini kuliko lilivyoelekea kweli. Mshika usukani mwaminifu, anayeitii dira, angelirudisha omo upande wa kusini. Kwa ufupi, redio ile ilikuwa ikiusukuma usukani kusini kwa nyuzi 12, kwenda na kurudi, mwaka hadi mwaka.

Mawazo yangu ya kwanza yalikuwa mshangao: vipi basi mjomba amekuwa akifika Wete miaka yote hiyo? Fundi alikaa mezani kwangu akachora. Tanga na Wete ziko karibu sawasawa, mashariki na magharibi. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki hutiririka kutoka kusini kwenda kaskazini majira yote, nao hushika kasi zaidi wakati wa kusi. Chukua chombo kinachokwenda noti 5, yaani maili 5 za bahari kwa saa, na mkondo wa noti 1 unaokisukuma kaskazini kutoka ubavuni. Ili kifike moja kwa moja mashariki, omo lazima lielekezwe kusini kwa nyuzi ngapi? Alipiga hesabu mara mbili. Jibu ni kama nyuzi 12.

Akaweka penseli chini. "Ndugu yangu," akasema, "jahazi hili lina manahodha wawili, na mmoja ni redio."

Mzee alikuwa ameijua njia yake kwa kuifanya. Alishika mashariki ya dira yake, akafika Wete. Alishika magharibi ya dira yake, akafika Tanga. Kusi likivuma kwa nguvu mkondo huongezeka, lakini na jahazi huongeza mwendo, hivyo hesabu haikuharibika sana. Wakati wa kaskazi mkondo hulegea, na kumbe mwenyewe alikuwa na usemi wake aliowafundisha wanawe, kwamba wakati wa kaskazi Pemba husogea kidogo upande wa kaskazini, basi omo nalo lisogezwe. Sisi tuliosoma tulikuwa tukiucheka usemi huo. Kisiwa hakisogei, bila shaka, lakini marekebisho aliyokuwa akiyafanya yalikuwa sahihi kabisa. Mkondo umepungua, redio haijapungua, na chombo kinaangukia kusini.

Ndipo nikakumbuka usiku wa masika. Nilimpigia binamu saa hiyo hiyo, nikamuuliza swali moja tu: usiku ule, redio ya mzee ilikuwa wapi? Alinyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani simu imekatika. Kisha akajibu kwamba redio ilikuwa Ngamiani, kwa fundi, imeharibika kitufe cha kutafutia stesheni.

Fanya hesabu mwenyewe. Saa saba na nusu za safari, mkondo wa noti 1, na hakuna cha kuusahihisha. Ni maili saba na nusu za bahari, kilomita 14 hivi, upande wa kaskazini wa Fundo, ambako kuna miamba ya pwani inayopanda kuelekea Ras Kigomasha. Macho ya mzee hayakuhusika. Aliifuata dira yake kama alivyoifuata siku zote, na usiku ule dira ilikuwa ikisema kweli kwa mara ya kwanza.

Binamu yangu, na hili nalisema kwa kumsifu, hakungoja kuambiwa. Alikwenda kwa baba yake akaketi chini, akamweleza tangu mwanzo hadi mwisho. Nimesimuliwa kwamba mzee alisikiliza bila kumkatiza, akauliza tu kama sumaku hiyo hufanya kazi hata redio ikiwa imezimwa. Alipoambiwa ndiyo, alisema, "Basi isiguswe."

Na hapo, wasikilizaji, mzee alikuwa sahihi kuliko kijitabu cha maelezo. Kijitabu kinasema ondoa kila chenye sumaku kando ya dira, na kinasema hivyo kana kwamba chombo kimetoka kiwandani jana. Chombo kilichokwisha kusafiri kina mazoea yake. Ukiondoa kosa ambalo mtu amejifunza kulitumia, hujampa ukweli, umempa kosa jipya asilolijua. Binamu alikuwa tayari kuihamisha redio jioni ile ile na kuvuka keshoye usiku. Bila shaka wangeangukia mwamba ule ule.

Kwa hiyo mpango uliokubaliwa ulikuwa na utaratibu. Redio ingebaki palepale hadi masika yaishe. Kisha ingehamishwa, na safari sita za kwanza baada ya hapo, tatu za kwenda na tatu za kurudi, zingefanywa mchana tu, pwani ikionekana nyuma na kisiwa mbele. Mzee mwenyewe angeshika kana. Binamu angekaa na kioo cha GPS na daftari, akiandika kila nusu saa mambo mawili, omo limeelekea wapi kwa dira na chombo kimekwenda wapi kwa kweli.

Mambo hayo mawili hayafanani, na hapa pia palikuwa na mzozo. Kifaa cha GPS hupokea ishara za setilaiti zilizo umbali wa kilomita 20,000 hivi juu yetu, nacho hujua kiko wapi kwa usahihi wa mita chache, hasa tangu Mei mwaka 2000, Marekani ilipoacha kuvuruga makusudi ishara zinazotumiwa na raia. Lakini kinachoonyesha ni njia ambayo chombo kimepita, si upande ambao omo limeelekea. Penye mkondo wa ubavuni viwili hivyo hutengana. Kijana akiona mshale wa kioo unasema mashariki na dira inasema kusini kidogo, husema dira imeharibika, au nahodha amekosea. Hakuna kilichoharibika. Tofauti baina yao ndiyo mkondo wenyewe, umeandikwa mbele yako kwa tarakimu, jambo ambalo Ibn Majid angelitolea dhahabu.

Basi kioo kikae wapi? Binafsi naona mzee alishinda nusu na kijana nusu. Mshika usukani asiwe nacho mbele yake. Anapaswa kutazama dira, tanga na bahari, na usiku mwanga wa kioo humpofusha, kwani jicho lililopigwa na mwanga huhitaji karibu nusu saa kuizoea giza upya. Tena ramani zilizomo kiooni hazilingani kwa ubora. Nyingine zimechorwa juu ya vipimo vya zamani, na mstari mzuri juu ya kioo si ahadi kwamba mwamba uko hapo hapo. Ila kukiweka sandukuni ni kukinyima kazi yake. Kimefungwa juu ya ubao wenye bawaba chini ya paa la mbao la tezi, upande anapokaa nahodha, mita 1 na nusu kutoka kwenye dira. Ukiufungua ubao nahodha anakiona, ukiufunga hakuna anayekiona, na chini ya paa lile kinapata setilaiti bila tabu. Kivuli nacho kilikuwa hoja, maana jua la Tanga huua vioo.

Redio ya VHF ilitusumbua kwa sababu nyingine. Mawimbi yake husafiri moja kwa moja, hayapindi kufuata mviringo wa dunia, hivyo eriali ikiwa juu ndivyo inavyofika mbali. Ikiwa mita 1 juu ya maji hufikia upeo wa kilomita 4 hivi, ikiwa mita 9 hufikia 12. Kijitabu kinasema ncha ya mlingoti. Aliyekiandika hajaona foromali ikipitishwa mbele ya mlingoti chombo kinapobadili upande. Eriali ya ncha ya mlingoti wa jahazi ingeishi siku mbili. Imefungwa juu ya mti tezini, nyuma ya usukani, mahali ambapo tanga na demani havifagii. Tumepoteza kilomita kadhaa, lakini masafa ya 16, yale ya kuombea msaada, yanasikika mpaka bandarini wakiwa bado nje ya miamba.

Kipima kina nitakieleza kwa haraka. Hakisikii kupitia mbao, kwa hiyo hakiwezi kufungwa ndani ya chombo kama katika boti za plastiki. Fundi wa majahazi alikataa kutoboa ubao chini ya maji, nami nilimuunga mkono kutoka Southall. Tena chombo kinachokaa mchangani kila bamvua kingekiponda. Kimefungwa kwenye bapa la nyuma, juu ya kipande cha mbao kinachonyanyuliwa kwa kamba. Katikati ya mlango wa Pemba hakina faida, kina kimepita uwezo wake. Faida yake ni karibu na Fundo. Bildi ya zamani imebaki vilevile, na ile risasi yake yenye tundu la kupakwa mafuta huleta juu mchanga au matope kutoka chini, jambo ambalo kifaa hakiwezi.

Safari sita zilikwisha mwezi wa Septemba. Daftari la binamu linaonyesha kwamba katika safari ya kwanza mzee alishika mashariki ya dira kwa mazoea, na baada ya saa mbili mkondo ulikuwa umekwisha kukichukua chombo zaidi ya kilomita 3 kaskazini. Alitazama kisiwa, akatazama nyuma, akalisogeza omo kusini kabla mwanawe hajafungua kinywa. Safari ya nne hakuhitaji kuambiwa lolote. Sasa wanavuka tena usiku, na hakuna anayezungumzia macho yake.

Redio ya mbao imehamishiwa kwenye shina la mlingoti, mita 4 kutoka kwenye dira. Mzee ana lalamiko moja, nami niliahidi kulifikisha kwa wenzangu wa studio: tangu ihamishwe, upepo ukivuma hatusikii vizuri, na anaomba wasomaji wa habari wapaze sauti.